Nyuma ya kalenda ya parokia

Kila mwisho wa mwaka parokia yetu huuza kalenda ya ukutani yenye picha ya Moyo Mtakatifu wa Yesu, nami huitumia pande zote mbili. Mbele natazama sikukuu na tarehe za mitihani ya wanafunzi wangu. Nyuma, kwenye upande mweupe, naandika vitabu nilivyosoma. Nina kalenda nane za namna hiyo, zimekunjwa chini ya godoro. Ile ya mwaka 2024 ina mistari 24, kwa sababu tarehe mosi Januari nilijiwekea vitabu viwili kwa mwezi, na tarehe 29 Desemba nikaandika cha mwisho. Nilifurahi kweli. Niliipiga picha nikawatumia wenzangu wa kwaya.

Jioni ile mdogo wangu aliishika kalenda, akapitisha kidole juu ya majina, akasimama kwenye mstari wa kumi na moja. "Yaya," ndivyo tunavyomwita ndugu mkubwa, "hiki kinasema nini?"

Nilikumbuka rangi ya jalada. Nilikumbuka kwamba nilikimaliza nikiwa nimekaa kwenye jiwe nje ya ofisi ya shule, nikisubiri mkutano wa walimu. Kinasema nini, sikukumbuka. Akashuka kwenye wa kumi na mbili, wa kumi na tatu. Kwa kila kimoja nilimpa sentensi moja, ile ile inayokuwa nyuma ya jalada. Alikuwa anataka kujua tu, maana anapenda hadithi. Lakini usiku ule sikulala vizuri.

Badala ya kutulia nifikiri, mwaka uliofuata nikaongeza. Kwenye kalenda ya 2025 niliandika juu kabisa: vitabu 30.

Januari ilikuwa haijaisha vita vikaingia mjini. Aliyekuwa Goma usiku wa kuamkia tarehe 27 Januari 2025 hahitaji kusimuliwa, na asiyekuwepo siwezi kumsimulia yote. Umeme ulikatika, maji yakakatika. Nyumba yetu imejengwa kwa mawe ya volkano, kwa hiyo tulihamishia magodoro kwenye korido, mbali na madirisha. Mama jirani anayeuza sambaza, samaki wadogo wa Ziwa Kivu, pale soko la Kituku ana nyumba ya mbao, na mbao haizuii risasi. Alikuja na wajukuu wake watatu na sufuria ya maharagi. Tulikuwa watu tisa katika korido ambayo mtu mmoja akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili.

Kitabu kilichokuwa karibu kilikuwa cha koko wetu, mzazi wa mzazi wetu, Mungu amrehemu: *Histoire d'une âme* ya Mtakatifu Tereza wa Mtoto Yesu, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Kwenye mpango wangu kilikuwa kitabu cha pili cha mwaka, na kwa kuwa nilikwisha kukisoma mara mbili, nilitegemea kukimaliza kwa siku tatu. Watoto walikuwa hawalali. Basi nikawasha tochi ya simu, nikaanza kusoma kwa sauti, sentensi moja ya Kifaransa, kisha naigeuza katika Kiswahili chetu.

Kwenye kurasa za mwanzo kuna kisa cha kikapu. Dada yake Leonia, akiona amekua na hachezi tena na vidoli, anawaletea wadogo zake kikapu chenye kidoli na vitambaa vya kushonea nguo zake, anawaambia wachague. Selina anachukua kifungu kidogo cha uzi kilichompendeza. Tereza anafikiri kidogo, ananyoosha mkono, anasema anachagua vyote, na anachukua kikapu kizima. Mjukuu mdogo wa mama jirani alikaa wima. "Na hawakumpiga?" Hapana, nikamwambia, hawakumpiga. Akalala akiwa anafikiri jambo hilo.

Usiku wa pili tulifika pale Tereza anapokiri kwamba husinzia wakati wa sala, na limekuwa likimtokea kwa miaka saba. Anasema anapaswa kuhuzunika, lakini anakumbuka kwamba watoto huwapendeza wazazi wao wakiwa wamelala kama wanavyowapendeza wakiwa macho. Niliisoma sentensi hiyo nikitazama watoto sita waliolala vichwa huku na miguu kule. Mama jirani akasema, "Rudia hapo, mwanangu." Nikarudia. Akasema nirudie tena.

Siku tisa au kumi baadaye tulikutana ziwani tukiteka maji, kila mtu na bidoni zake za njano. Mama akaniuliza, kama mtu anayeulizia habari za ndugu: "Yule mtoto uliyetusomea, aliishia wapi?"

"Alikufa, mama. Alikuwa na miaka 24. Kifua kikuu."

"Basi nipe nimalizie mwenyewe."

Nilisita, na nasema wazi nilisita. Kile ni kitabu cha koko, na mama hushinda na samaki kuanzia saa kumi na moja alfajiri. Alisoma kwa masista hadi darasa la sita, Kifaransa chake ni cha polepole. Lakini mdogo wangu alikuwa pembeni ananitazama, na nikakumbuka mstari wa kumi na moja. Nikampa.

Alikaa nacho miezi miwili na nusu. Nilimwona siku moja Kituku, amekaa juu ya beseni lililopinduliwa, mtumbwi wa makaa unashushwa nyuma yake, yeye midomo inacheza juu ya ukurasa. Kiliporudi, kilikuwa kimefungwa ndani ya kipande cha kitenge. Nikakifungua. Katikati ya kurasa mbili kulikuwa na gamba la sambaza, dogo kuliko ukucha wa mtoto mchanga, limekaukia kwenye karatasi, linang'aa kama fedha ukiligeuza kwenye mwanga.

Ukurasa huo ni wa daftari la mwisho. Tereza anasimulia jinsi imani yake ilivyoingia gizani tangu Pasaka ya mwaka 1896: anajifananisha na mtu aliyezaliwa katika nchi iliyofunikwa na ukungu mzito, ambaye hajawahi kuliona jua. "Hapa nilikaa majuma mawili," mama akaniambia. "Sikujua kwamba mtakatifu naye anaweza kuitafuta mbingu asiione. Nilifikiri ni mimi tu."

Mimi ukurasa huo nilikwisha kuupita mara mbili. Sikuwahi kukaa hapo hata siku moja.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya namna vitabu vinavyomfikia mtu, na kila nikifikiri narudi kwa Mtakatifu Augustino. Ni mtu wa bara letu, alizaliwa mwaka 354 huko Thagaste, ambako leo ni Souk Ahras nchini Algeria. Wengi wetu tumesikia kisa cha bustani ya Milano, mwaka 386: analia chini ya mtini, anasikia sauti ya mtoto kutoka nyumba ya jirani ikiimba "Chukua, usome," anafungua barua za Paulo, na maisha yake yanageuka. Ndivyo tunavyosimuliwa kwenye mahubiri. Ila ukisoma kitabu cha nane cha *Maungamo*, alimosimulia maisha yake, tangu mwanzo utaona kwamba bustani ilikuja mwishoni mwa mambo mengine, na karibu yote yanahusu watu wanaoambiana habari za vitabu.

Kabla ya bustani anakuja mgeni, Ponticianus, Mwafrika mwenzao mwenye kazi katika jumba la mfalme. Juu ya meza ya kuchezea anaona kitabu, anakichukua akidhani ni cha kazi ya ualimu wa Augustino, anakuta ni barua za Paulo. Anatabasamu. Wanaanza kuongea, na katika maongezi anamtaja Antoni, mtawa wa Misri. Augustino na rafiki yake Alypius hawajawahi kumsikia. Ponticianus anashangaa, anawaeleza, kisha anasimulia habari ya maofisa wenzake wawili wa huko Trier: walikuwa wakitembea, wakaingia katika kibanda cha watumishi wa Mungu, wakakuta humo kitabu cha maisha ya Antoni. Mmoja akaanza kukisoma. Kabla hajakimaliza alikwisha kuamua kuacha kazi ya mfalme, na mwenzake akabaki naye.

Sasa tazama linalotokea bustanini. Augustino anasoma mistari michache ya Warumi sura ya 13, hahitaji kuendelea. Anakifunga kitabu akiwa ameweka kidole pale, au alama nyingine, yeye mwenyewe alipoandika hakukumbuka tena ilikuwa ipi. Anamweleza Alypius. Alypius anaomba aone. Anasoma pale pale, kisha anavuka kidogo zaidi ya pale Augustino alipoishia, na mstari unaofuata, wa kumpokea aliye dhaifu wa imani, anauchukua kuwa wake. Kitabu kimoja, dakika chache, watu wawili, na kila mmoja amepata mstari tofauti. Mimi sehemu hiyo ya kidole naipenda kuliko sauti ya mtoto.

Na hakikuishia hapo. Miaka zaidi ya 1,100 baadaye, huko Avila, Hispania, mtawa mmoja Mkarmeli aliyechoka na sala zake alipewa *Maungamo*. Alipofika kwenye bustani alilia sana, akaona sauti ile inamwita yeye. Huyo ni Tereza wa Avila, ilikuwa mwaka 1554. Baadaye naye aliandika maisha yake. Kiangazi cha mwaka 1921, mwanafalsafa wa Kijerumani mzaliwa wa familia ya Kiyahudi, Edith Stein, alikuwa mgeni katika nyumba ya marafiki huko Bergzabern, akachukua kitabu hicho cha Tereza kwenye rafu yao. Tarehe mosi Januari 1922 alibatizwa. Aliuawa Auschwitz mwaka 1942 akiwa Mkarmeli, naye leo ni mtakatifu.

Kutoka kwa Antoni wa Misri aliyekimbilia jangwani hadi kwa mwalimu wa falsafa wa Ujerumani, kwa kupitia meza ya kuchezea, kibanda, rafu ya rafiki. Nilipomsimulia mama jirani mnyororo huo hakushangaa. Alisema hata sambaza haiuzwi na aliyeivua.

Basi nilifuta ile namba 30. Nyuma ya kalenda nikachora mstari wa wima katikati: kushoto jina la kitabu, kulia jina la mtu. Kitabu hakihesabiwi mpaka upande wa kulia uwe na jina. Lengo la mwaka likawa vitabu sita. Sita vinatosha. Kwa mwalimu wa Goma, mwenye madarasa makubwa na mshahara usiojulikana utakuja lini, sita vinavyosomwa na kupita ni vingi. Tangu uwanja wa ndege ulipofungwa, kupata kitabu kipya ni kazi, kwa hiyo kile kilichopo lazima kitembee.

Kuanzia hapo watu wa shirika letu, ndiyo jumuiya ndogo ya Kikristo ya mtaa, wakaanza kuniuliza wao wasome nini. Nawaeleza hapa jinsi ninavyowajibu.

Anayetaka *Maungamo* namwambia asianzie ukurasa wa kwanza. Kina vitabu 13 ndani yake. Tisa vya kwanza ni maisha, cha kumi kinachunguza kumbukumbu, na vitatu vya mwisho vinaingia kwenye fumbo la wakati na uumbaji. Wengi wanakiacha kabla hawajafika bustanini. Anza na cha nane, halafu rudi nyuma ujue alitoka wapi. Na ukifika cha tisa, kwenye mazungumzo yake na mama yake Monika dirishani huko Ostia, siku chache kabla mama hajaugua na kufa, soma ukiwa peke yako.

*Kumfuata Kristo* cha Thomas à Kempis koko alikuwa akikisoma kila jioni, lakini mimi simpi mtu aliyetoka msibani. Kiliandikwa katika karne ya 15 na mtawa, kwa watawa, na kinamwambia msomaji ajidharau mahali ambapo aliyefiwa anahitaji kushikwa mkono. Kina wakati wake.

Asiye na nafasi kabisa, mwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, au pikipiki, mama wa soko, nampa François-Xavier Nguyen Van Thuan. Alikuwa askofu wa Vietnam, akakamatwa mwezi Agosti 1975, akakaa kizuizini miaka 13, tisa kati yake akiwa peke yake. Miezi ile ya mwanzo, alipokuwa bado chini ya ulinzi katika parokia, aliomba mtoto mmoja amletee kalenda za zamani. Usiku aliandika nyuma ya zile karatasi, mtoto anazipeleka kwao, ndugu zake wanazinakili. Zikawa fikra fupi 1,001 juu ya njia ya matumaini. Unasoma moja ukisubiri mteja. Niliposoma habari hiyo ya kalenda nilitoka nje nikasimama kidogo uani, kwa sababu mimi upande ule wa nyuma nilikuwa nimeutumia kuandika hesabu yangu.

Vijana wa chuo kikuu nawapa riwaya, na hapa huwa nabishana na baadhi ya wazee wa parokia wanaoona riwaya ni kupoteza muda wa sala. Tarehe 17 Julai 2024 Papa Fransisko aliandika barua nzima juu ya thamani ya kusoma fasihi katika malezi, akawaambia wazi waseminari na Wakristo wote wasome riwaya na mashairi. Anakumbuka humo jinsi alivyofundisha fasihi huko Santa Fe, Argentina, akiwa Mjesuiti kijana, na wanafunzi walivyotaka waandishi wao wa kisasa badala ya vitabu vya zamani. Aliwaruhusu. Barua hiyo nimeichapisha, ina kona zilizokunjika, na nayo inatembea.

Riwaya ninayoitoa ni *Entre les eaux* ya V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi, aliyefariki Aprili 2025. Ilitoka mwaka 1973. Mhusika wake, Pierre Landu, ni padri Mkongomani anayeona Kanisa limekaa upande wa wenye nguvu, anaiacha parokia, anaingia msituni kwa waasi. Huko nako hawamwamini. Mudimbe mwenyewe aliwahi kuishi katika monasteri ya Wabenediktini, kwa hiyo anajua anachokisema anapoandika juu ya ukimya wa padri huyu na majivuno yake. Hakuna faraja ya bure ndani yake. Kijana wa jirani, anayesoma sheria, alinirudishia akasema: "Yaya, sikujua kwamba kitabu kinaweza kuniuliza swali na kukataa kunijibu." Nilimwambia akisome tena baada ya miaka kumi.

Na kuna mtu ambaye kila mmoja hapa mjini ananiomba kitabu cha maisha yake. Floribert Bwana Chui alizaliwa Goma mwaka 1981, akasoma hapa, akafanya kazi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani. Jioni aliwafundisha maibobo, watoto wa mitaani, pamoja na jumuiya ya Sant'Egidio. Alikataa rushwa ili asiruhusu vyakula vilivyoharibika vipite vikaliwe na watu. Mwezi Julai 2007 alitekwa akauawa, ana miaka 26. Papa Fransisko aliwasimulia vijana habari zake Kinshasa tarehe 2 Februari 2023, na tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri huko Roma, katika Basilika la Mtakatifu Paulo nje ya Kuta. Sisi tulifuatilia kwenye simu moja, watu kumi na wawili, tukishikilia pumzi kila intaneti inapokatika. Barabara anazozitaja padri katika mahubiri ndizo tunazopita kwenda sokoni. Mpaka ni ule ule.

Kitabu chake sina. Kwa hiyo nilinunua kaye, yaani daftari, ya kurasa 48, nikanakili yale niliyokuwa nimekusanya kwenye magazeti na hotuba, nikayageuza kwa Kiswahili. Tarehe 8 Julai, siku ya sikukuu yake, tuliisoma katika shirika. Mzee mmoja aliyefanya kazi ya kupakua malori kwa miaka mingi alilia bila kujificha. Kaye hiyo ina mstari wake kwenye kalenda yangu kama kitabu kingine chochote; Tereza naye aliandika kwenye madaftari ya shule, na kurasa za mwisho aliandika kwa penseli kwa sababu mkono ulikuwa hauwezi tena kalamu. Mpaka sasa kaye ya Floribert imepita nyumba saba. Ukurasa wa mwisho umeanza kuchukua maandishi ya watu wengine, sala, na swali moja lisilo na jina: "Na mimi ninayepokea kidogo ili watoto wale?" Sijalijibu. Tumekubaliana tutalizungumza Alhamisi, na padri atakuwepo.

Mwaka ulipoisha nilikuwa na mistari saba, upande wa kulia wote umejaa. Mdogo wangu aliniuliza tena, mmoja baada ya mwingine, na tulikaa mpaka mshumaa ukaisha.

Kitabu cha koko hakiko tena nyumbani. Mama jirani alikiomba mara ya pili kwa ajili ya binti yake aliyejifungua mtoto asiyeishi, na binti alipopanda boti kurudi Minova aliondoka nacho. Nilikiaga pale Kituku, ndani ya kile kile kipande cha kitenge. Gamba sikulitoa. Juma lililopita alimpigia mama yake simu kwamba amefika kwenye ukungu, na kwamba kuna mwanamke mwingine wa huko anasubiri zamu. Jina lake sikulisikia vizuri, boti zilikuwa zinapiga kelele, kwa hiyo kwenye kalenda nimeandika kwa penseli: *Minova, wa pili*.